Kafedha Hakubali Mpaka Aone

Siku Kafedha Thoya alipokataa kunakili, mwalimu Nicanor alidhani kalamu imemwishia wino. Alimwona ameketi kimya, mikono juu ya daftari, na wenzake wote wameinama wakiandika kilichokuwa ubaoni: hasi mara hasi ni chanya. Mwalimu akatoa kalamu ya akiba mfukoni akampelekea. Kafedha akashukuru, akailaza kando ya ile yake, na mikono akairudisha pale pale.

"Sijaelewa, mwalimu," alisema. "Na safari hii nisichokielewa siandiki."

Lilikuwa darasa la watu wazima, la kila Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa moja huku Junda. Viti vya plastiki vilielekezwa kwenye ubao ulioegemezwa jukwaa la kwaya, na waliokaa humo walikuwa watu wenye kazi na watoto: walinzi wa mageti, akina mama wa maduka, na Gedion, karani wa bohari ya makontena kule Mikindani, ambaye kila Jumamosi alikuja na shati lililopigwa pasi akakaa mstari wa mbele. Gedion aliposikia maneno yale alishusha pumzi kwa nguvu, ukumbi mzima ukasikia.

Nicanor alikuwa mtu mpole. Alitoka bara akiwa kijana, akapata kazi ya ualimu katika shule ya upili ya huku Kisauni, na Jumamosi zake akazitoa kwa darasa hili. Alimweleza Kafedha kuwa hiyo ni sheria ya hesabu, na sheria hufuatwa, kama dereva anavyosimama taa ikiwa nyekundu. Kafedha akamjibu kwamba taa nyekundu yeye anaielewa: upande wa pili kuna lori linakuja. Sasa hapa lori liko wapi? Watu wakacheka. Mwalimu naye akatabasamu, lakini akaitazama saa yake.

"Kafedha, tunafukuzana na silabasi."

"Itangulieni basi, mwalimu. Mimi nitakuja nyuma na miguu yangu mwenyewe."

Wasiomjua walidhani anafanya kiburi. Waliomjua, kama Mueni aliyefanya naye kazi katika dobi ya hoteli, walijua ubishi ule una chanzo chake. Kafedha alizaliwa Junda hii hii, kitinda mimba wa mzee Thoya, mvunja mawe aliyehamia mjini kutoka upande wa Ganze. Shuleni alikuwa mtoto mtiifu kupita kiasi. Mwalimu akisema kitu ni hivi, kwake kilikuwa ni hivi. Alikariri fomula kama mtu anavyokariri sala, akazitaja njiani akienda kuteka maji, akazitaja akiosha vyombo, na dada yake Velma, waliyelala naye kitanda kimoja, alizijua zote kwa kuzisikia tu. Halafu ukaja mtihani wa Kidato cha Nne. Maswali hayakuwa yale ya darasani. Namba zilikuwa zimehamishwa. Kilichozoeleka kutafutwa sasa kilikuwa kimetolewa, na kilichozoeleka kutolewa ndicho kilichotakiwa. Kafedha alikaa mbele ya karatasi ile kichwa kimejaa, asipate hata mahali pa kuanzia. Hesabu akapata E. Fizikia ikawa hiyo hiyo.

Kilichomuuma hasa si E. Kilichomuuma ni kuwa alikuwa amefanya kila alichoambiwa.

Aliolewa, akamzaa Cindy, ndoa ikavunjika, akarudi Junda kupanga chumba karibu na kwao. Kazi aliipata katika dobi ya hoteli moja ya ufuoni kule Nyali, kutwa mashuka na taulo za wageni. Na ni huko dobi ndiko hamu ya masomo ilikomrudia. Mashine za kufulia zilikuwa kubwa kama kabati, na zikiharibika zilitengenezwa na fundi mmoja, Abdulghani, mtu wa makamo aliyependa kufanya kazi akizungumza peke yake. Kafedha alizoea kusimama nyuma yake akimwuliza. Kwa nini waya huu mnene na ule mwembamba? Kwa nini mashine hii ikianza kuzunguka taa hufifia kidogo? Abdulghani alijibu aliyoyaweza, na yaliyomshinda alisema wazi yamemshinda. Siku moja akamwambia kuwa wallahi angesomea umeme angefika mbali. Kafedha akaenda kuuliza katika chuo cha ufundi. Wakamwambia kwa E mbili zile hapokewi, arudie mitihani kwanza.

Basi akarudi darasani akiwa amepita miaka thelathini, na binti yake yuko Gredi ya Nane, na alikuja na nadhiri moja: hatakariri tena.

Mambo ya hasi na chanya yalikuwa hayajatulia, ikaja Jumamosi ya vitu vinavyoanguka. Mwalimu aliandika kwamba kitu kizito na kitu chepesi vikiachiliwa pamoja kutoka urefu mmoja, hewa isipovizuia, hufika chini pamoja. Safari hii hata Gedion aligeuka nyuma kumtazama Kafedha, akijua kinachokuja.

Kafedha alisema hapana. Yeye amelelewa na mvunja mawe. Mwendo wa jiwe likianguka anaujua, na wa jani la mwarobaini pia anaujua. Mwalimu akasema jani ndilo huzuiwa na hewa. Kafedha akauliza mbona hewa inatajwa ikihitajika, na isipohitajika inaondolewa. Mwalimu akasema swali ni zuri ila nafasi hakuna. Kafedha akasema basi aonyeshwe. Mwalimu akasema ukumbi hauna ghorofa, na kweli haukuwa nayo.

Velma wakati huo alikaa Mikindani, orofa ya juu kabisa ya jengo lenye varanda inayotazama uwanja wa nyuma wa kuanikia nguo. Jumapili baada ya ibada Kafedha akamchukua Cindy wakaenda huko. Alibeba chupa mbili za maji, za plastiki, za aina moja. Moja akaijaza mchanga, nyingine akaiacha tupu na kifuniko chake. Cindy aliwekwa chini, awazuie watoto wasisogee na atazame ni ipi itatangulia. Binti alikuwa katika umri wa kuona haya kwa kila anachofanya mzazi. Alimwomba mama angoje kwanza watu waingie ndani. Mama hakungoja.

Chupa ya mchanga ilipiga chini kwa kishindo. Ile tupu ikaja nyuma yake ikiyumba, ikadunda kama mpira. Kafedha akarudia, jibu likawa lile lile. Msimamizi wa jengo akaja kuuliza ni nani anayetupa vitu uwanjani, na Velma akamtuliza kwa kumweleza kuwa dadake anasoma. Msimamizi akataka kujua anasoma nini. Velma akasema fizikia, na neno hilo likamtosha yule bwana. Akaondoka akitikisa kichwa.

Jumamosi iliyofuata Kafedha alifika darasani amejaa maneno. Alisimama hata salamu hazijaisha akamwambia mwalimu kuwa amejaribu kwa mikono yake na nzito imetangulia. Nicanor akamwuliza zilikuwa chupa gani. Alipoelezwa hakukasirika. Alifikiri kidogo, kisha akamwambia chupa tupu ni nyepesi mno, hewa inaiweza kwa urahisi. Arudie, na ile ya pili aitie mchanga nusu. Kama uzito ndio unaoamua, iliyojaa ina uzito karibu mara mbili ya ile ya nusu, basi itaishinda mbali. Kafedha akasema vyema, atarudia, na ikitangulia atamleta Cindy hapa awe shahidi.

Alirudia. Kilisikika kishindo kimoja.

Cindy, chini, akainua viganja viwili vikiwa vimeshikana. Kafedha hakuridhika. Alishuka mwenyewe, akampandisha binti juu ndiye aachilie, akasimama ukutani atazame kwa macho yake. Kishindo kikawa kimoja tena. Akamwambia abadilishe mikono, chupa ya kulia ikaja kushoto. Akamwita Velma naye ajaribu. Waliendelea hivyo mpaka chupa moja ikapasuka, mchanga ukamwagikia shuka la jirani lililokuwa kambani. Hapo Kafedha akaketi kwenye ngazi akaanza kucheka. Cindy akashuka akamwuliza anachekea nini, na huku ameshindwa.

"Nimeshindwa na jambo lenyewe, mwanangu," Kafedha alimwambia. "Sikushindwa na mtu aliyeniambia ninyamaze."

Shuka la jirani alilifua yeye, akalirudisha limenyooka kuliko lilivyokuwa. Lakini raha yake haikudumu. Kama kizito kinavutwa chini kwa nguvu zaidi, na ni kweli kinavutwa zaidi, kila aliyebeba gunia anajua, kwa nini basi kisitangulie kufika? Swali hilo alienda nalo kazini, akalala nalo, akaamka nalo. Siku moja yeye na Mueni walikuwa wanakisukuma kigari kilichojaa mashuka mabichi. Kafedha akasimama ghafla, Mueni akajigonga mgongoni mwake. Kigari kile kikiwa kitupu yeye hukisukuma kwa mkono mmoja na kinakimbia. Kikijaa, watu wawili wanasukuma kwa nguvu zao zote ndipo kiende mwendo ule ule. Kumbe kizito huvutwa zaidi, ndiyo, lakini chenyewe nacho ni kikaidi zaidi kusogea. Kile kilichoongezewa nguvu ndicho kilichoongezewa ukaidi. Alimweleza Mueni hayo yote pale pale kwenye korido ya dobi, na Mueni akamwambia yamekubalika, sasa wasukume, wageni wanangoja taulo.

Nicanor alipoyasikia alimtaka ayarudie polepole mbele ya darasa. Kisha akaandika ubaoni nguvu inayokivuta kitu, akaigawanya kwa kile kinachokifanya kiwe kikaidi, na herufi ile ile ikatokea juu na chini, akazikata zote mbili, kizito na chepesi vikabaki na mwendo mmoja. Kafedha aliitambua fomula ile. Ndiyo aliyokuwa akiitaja njiani na ndoo kichwani, miaka yote ile. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ikisema kitu. Akaichukua kalamu akaiandika.

Lakini darasani watu walikuwa wamechoka. Kila swali la Kafedha lilikula sehemu kubwa ya somo, na mtihani ulikuwa unakaribia. Gedion alihitaji kufaulu hesabu apandishwe cheo bohari. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka. Yeye na wenzake wachache wakaenda kwa Madam Agneta. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, ndiye aliyelianzisha darasa lile kwa nguvu zake mwenyewe, na hakutaka hata mtu mmoja aanguke. Akamwita Kafedha katika chumba kidogo cha nyuma, mnamotundikwa majoho ya kwaya, akazungumza naye kwa upole. Alimwambia kuna watu Mungu amewapa mikono na kuna watu amewapa vichwa vya namba, na wote ni wake. Alimshauri aiache fizikia, achukue somo lisilomsumbua. Na darasani awape wenzake nafasi.

"Nyamaza kama wao, Kafedha. Unadhani wao wanaelewa? Hawaelewi, lakini wanaandika, na watapita."

"Mimi nilinyamaza shule nzima, madam," Kafedha alisema. "Nikapata E mbili za kunyamaza. Fizikia siachi, na kunyamaza sinyamazi. Kama ninawachelewesha wenzangu, nipeni saa yangu mbali na yao."

Agneta akamwambia hana mwalimu wa kumpa mtu mmoja. Nicanor alikuwa mlangoni, amekuja kurudisha ufunguo wa kabati. Akasema yeye atakuwa anakuja mapema. Agneta akauchukua ufunguo, na mambo yakaishia hapo.

Tangu hapo Kafedha alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya asubuhi, na sare ya dobi mwilini, wakakaa wawili katika ukumbi mtupu. Siku ya kwanza alirudi kwenye hasi na chanya. Nicanor alimwambia kuwa tangu siku ile ya kalamu amekuwa akilifikiri jambo hilo, kwa sababu naye shuleni alipewa kama sheria na hakuna aliyemweleza. Akaandika safu. Tatu mara hasi mbili, hasi sita. Mbili mara hasi mbili, hasi nne. Moja mara hasi mbili, hasi mbili. Sifuri mara hasi mbili, sifuri. Kila ukishuka mstari, jibu linapanda kwa mbili. Akampa chaki aendelee na mstari unaofuata, wa hasi moja mara hasi mbili. Kafedha akaandika mbili, akarudi nyuma hatua akaitazama.

"Huu ni mtindo tu," alisema. "Nani kaniambia hauvunjiki ukishavuka sifuri?"

Mwalimu mwingine angetupa chaki. Nicanor aliketi. Wanafunzi wakaanza kuingia mmoja mmoja, Gedion akakaa mahali pake, na mwalimu bado ameshika kidevu. Kisha akainuka akafuta ubao. Akamwuliza Kafedha kama anakubali kuwa tatu ukijumlisha na hasi tatu unapata sifuri. Anakubali. Na sifuri ukiizidisha kwa chochote, hata kwa hasi mbili, inabaki sifuri. Hilo pia anakubali. Basi na waizidishe hiyo hasi mbili kwa kila moja peke yake, halafu wajumlishe. Hasi mbili mara tatu ni hasi sita. Hasi mbili mara hasi tatu hatujui bado, tuiachie nafasi. Ila tukizijumlisha hizo mbili, lazima tupate sifuri.

Kafedha aliitazama ile nafasi iliyoachwa wazi. Hasi sita, na nini, ndipo ipatikane sifuri?

"Sita," alisema. Halafu akaongeza polepole, "Haiwezi kuwa nyingine. Ikiwa nyingine, haya mengine yote niliyokubali yanabomoka."

"Ndilo lori lako hilo," mwalimu akasema.

Gedion alikuwa ameacha kupanga vitabu vyake. Aliinua mkono, akaomba kwa adabu mwalimu ayarudie, kwa sababu ameingia katikati. Nicanor akamwachia chaki Kafedha. Naye akaeleza, akaruka hatua moja, na Gedion ndiye aliyemrudisha.

Mambo hayakunyooka kuanzia hapo, kama mtu angetarajia. Kuelewa kunakula muda. Mtihani wa majaribio ulimkuta Kafedha hajafika kwenye sehemu kubwa ya umeme na mawimbi ya sauti, na alipofika kwenye maswali hayo aliyaacha matupu, ukurasa baada ya ukurasa. Gedion alifaulu vizuri. Kafedha akawa wa mwisho. Madam Agneta akamshauri asijiandikishe mwaka ule, angoje. Na Nicanor, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alikasirika.

"Fomula ulikuwa unaijua. Mbona hukuiandika? Kuiandika tu kuna alama."

"Ningekuwa ninajidai kujua nisichokijua."

"Mtahini hakuulizi kama umeamini, Kafedha. Anauliza kama unaweza. Sasa niambie, unataka kuingia chuo, au unataka kushinda mabishano?"

Maneno yale yalimchoma. Aliondoka bila kuaga. Cindy alimkuta nyumbani anakata mchicha kwa hasira, majani yanaruka hadi nje ya sinia, akamwuliza kuna nini. Kafedha akamweleza yote, labda kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine. Cindy alisikiliza, akachukua kisu akaendelea kukata yeye. Akasema kuwa hata wao shuleni kuna mambo huyatumia kwanza, na kuyaelewa kunakuja baadaye, mengine hata mwaka unaofuata. Na mama mwenyewe anatumia simu kila siku bila kujua ndani yake mna nini.

Kafedha alimjibu kuwa simu haiandikwi jina la mtu juu yake ikapelekwa Nairobi kusahihishwa. Lakini usiku ule alikula huku akiigeuzageuza simu mkononi, na Cindy alijua neno limeingia.

Jumamosi alifika mapema kama kawaida. Alimsalimu mwalimu, akakaa, akamwambia amefikiri. Katika mtihani ataiandika fomula hata kama bado hajaifikia kwa akili yake. "Nitaandika, mwalimu. Lakini usiniombe niite hiyo kuelewa." Nicanor akasema hilo hawezi kumwomba mtu yeyote. Wakafungua kitabu kwenye umeme.

Na kujiandikisha akajiandikisha, siku yake ya mapumziko, peke yake, katika kituo cha mtihani. Madam Agneta alipopata habari alimwambia anamhurumia tu. Itakuwa aibu kwa mtu mzima kupata E tena.

"E zile za kwanza sikujua nilikosea wapi," Kafedha alimwambia. "Nikipata nyingine, nitajua."

Mtihani aliufanya Novemba, katikati ya vijana wa sare wanaolingana na watoto wa Velma. Siku ya hesabu msichana mmoja alimwamkia shikamoo akidhani ni msimamizi, akamkabidhi begi lake alishike. Kafedha aliitikia marahaba, akaliweka begi mlangoni pamoja na lake, akaingia akakaa kwenye dawati. Msichana yule alitamani ardhi ipasuke. Karatasi zilipogawiwa, Kafedha aliona mara moja kuwa maswali yamegeuzwa, kama yale ya zamani: kilichozoeleka kutafutwa kilikuwa kimetolewa. Lakini safari hii alikuwa na mahali pa kuanzia. Palipokuwa na hasi mbili zinazozidishwa aliandika chanya bila kusita. Katika fizikia kulikuwa na swali la umeme ambalo hakulijua mwanzo wala mwisho. Aliandika fomula yake amekunja uso, kama mtu anayemeza dawa, akaenda kwenye linalofuata.

Matokeo yalitoka Januari. Fizikia ilikuwa D, na alama ya kujumlisha kando yake. Hesabu ilikuwa C, na alama ya kutoa kando yake, na Velma alipoisoma alisema hata huko wamemtilia hasi. Kozi ya stashahada hakuipata. Ya cheti cha ufundi wa umeme aliipata. Abdulghani aliposikia alisema inshallah wataonana kwenye mashine, akarudi kuzungumza na mota yake ya maji iliyoungua. Gedion alipata B, akapiga simu kumpongeza, wakabishana kidogo kuhusu swali moja la pembe, na kila mmoja akakata simu akiamini ni yeye aliyekuwa sahihi. Fizikia Kafedha anairudia mwaka huu. D hiyo, anasema, si yake yote, sehemu ni ya bahati, na bahati haitaki.

Madam Agneta naye alimpigia. Alimpongeza kwa moyo safi, akamwomba aje siku ya kufungua darasa awatie moyo wanafunzi wapya, awaambie jinsi uvumilivu unavyolipa. Kafedha akamwuliza kama wanafunzi hao wamepangiwa saa ya maswali. Agneta akasema jambo hilo litafikiriwa.

"Lifikiriwe, madam," Kafedha akasema. "Nitakuja."

Alikuja. Saa ya maswali ilikuwa bado haijapangwa. Wanafunzi wapya walikuwa wamekaa wakingoja, vitabu vipya magotini, na mwalimu hajafika. Kafedha hakungoja kukaribishwa. Alivuta kiti akakiweka mbele ya ubao, akaketi, akawaambia yeye anaitwa Kafedha, anasoma chuo, anafua mashuka Nyali, na mwenye kitu ambacho tangu shuleni hakukielewa akiseme sasa, kabla silabasi haijaanza kukimbia. Walitazamana. Madam Agneta, aliyekuwa anapanga karatasi za kusajili, aliacha kupanga.

Mwishowe mwanamke mmoja mwenye duka akainua mkono nusu. Akasema kwa sauti ndogo kuwa hajawahi kuelewa kwa nini ukigawanya kumi kwa nusu unapata ishirini, ilhali kugawanya ni kupunguza. Kafedha akamwuliza dukani mwake akiwa na unga kilo kumi, na kila mfuko unaingia nusu kilo, atajaza mifuko mingapi. Mwanamke akahesabu midomo ikicheza, akaweka kiganja shavuni. Waliokaa karibu naye wakaanza kunong'onezana, na mikono mingine ikainuka.

Mwanamume wa nyuma, mlinzi wa bandarini, akasimama kabisa. Alisema msumari mmoja akiutia majini unazama, na kila siku kazini anatazama meli za chuma tupu, kubwa kuliko mtaa huu, zinaelea. Aliwahi kuuliza shuleni akaambiwa akae chini.

Kafedha alikigeuza kiti chake kumwelekea.

"Hilo sijalifikia vizuri," alimwambia. "Muulize mwalimu akiingia. Na usikae chini mpaka akujibu."